SSD ya laptopu ikifa, kampuni hukupa diski mpya lakini haikurudishii mafaili

Laptopu inawaka, feni inazunguka, lakini kwenye skrini kuna folda yenye alama ya kuuliza, au maandishi kwamba mashine haioni diski. Jana usiku ilikuwa inafanya kazi vizuri. Haikuanguka, haikumwagikiwa chai, wala hakuna kelele yoyote iliyosikika. Ndivyo SSD nyingi zinavyokufa.

Diski za zamani za kuzunguka angalau zilikuwa zinabisha hodi. Zinaanza kugonga, kukwaruza, kuchelewa, na mwenye mashine anapata siku mbili tatu za kuhamisha vitu vyake. SSD haina kitu kinachozunguka. Ndani yake kuna chipu za kumbukumbu zinazotunza data kwa chaji ndogo ndogo za umeme, na chipu nyingine inayosimamia kazi yote: data gani iko wapi, sehemu ipi imechoka, wapi paandikwe sasa. Huyo msimamizi akigoma, chipu za kumbukumbu zinaweza kuwa nzima kabisa na bado usipate hata picha moja, maana ramani ya kuonyesha nini kiko wapi haisomeki tena.

Wengi wakifika hapo hudhani ni bahati mbaya yao tu, au wamelitumia vibaya. Wakati mwingine si kweli. Kuna diski zilizotoka kiwandani na kasoro, kampuni ikaja kukiri na kubadilisha bure. Tatizo ni kwamba wengi husikia habari hiyo wakati muda umeshapita.

Apple na MacBook Air

Mfano unaoeleza vizuri jinsi mipango hii inavyokwenda ni wa Oktoba 2013. Apple ilitangaza kwamba baadhi ya diski za GB 64 na GB 128 zilizowekwa kwenye MacBook Air zilizouzwa kati ya Juni 2012 na Juni 2013 zinaweza kuharibika. Haikuwaambia wateja wote walete mashine. Kwanza ilitoa sasisho dogo ambalo mwenye mashine alilipakua mwenyewe. Sasisho hilo liliipima diski. Kama tatizo linarekebishika kwa programu, linarekebisha papo hapo. Kama halirekebishiki, mteja anaambiwa apeleke mashine ikabadilishwe diski bila malipo.

Kilichofuata ndicho cha kusoma mara mbili. Kwa waliokutwa na diski mbovu, Apple ilishauri wafanye bakapu mara kwa mara, na wasiweke sasisho la mfumo wala programu mpya mpaka diski ibadilishwe. Yaani kampuni yenyewe ilikuwa inasema: mashine inawaka, lakini usiitegemee. Waliokuwa wameshalipia matengenezo kwa tatizo hilo hilo waliruhusiwa kudai pesa yao.

Mpango ulidumu miaka 3 kuanzia siku mashine ilipouzwa dukani kwa mara ya kwanza. Piga hesabu: hata iliyouzwa mwisho kabisa, Juni 2013, haki yake iliisha Juni 2016.

Novemba 2018 ikaja nyingine. Safari hii zilikuwa MacBook Pro za inchi 13 zisizo na ule mstari wa kugusa juu ya kibodi, zenye diski za GB 128 au GB 256, zilizouzwa kati ya Juni 2017 na Juni 2018. Apple ilisema wazi kwamba kasoro hiyo inaweza kupoteza data na kuua diski, na ikashauri zipelekwe kwa huduma mapema iwezekanavyo. Muda ulikuwa ule ule, miaka 3 tangu kuuzwa mara ya kwanza. Na sharti likawa lile lile: fanya bakapu kabla ya kuleta mashine, kwa sababu diski itafutwa.

Hapo ndipo watu wanapokwama. Mteja anasikia "bure" na anadhani kazi imekwisha. Kumbe kinachobadilishwa ni kifaa. Picha za harusi, tasnifu ya mwaka wa tatu, hesabu za duka, hivyo havimo. Waranti za watengenezaji wa diski karibu zote zinaandika hivyo: kampuni haiwajibiki kwa data iliyokuwa ndani.

Si kila diski iliyogoma imekufa

Mwaka 2011 baadhi ya diski za Intel 320 zilikuwa na kituko. Umeme ukikatika ghafla, diski ikirudi inajitambulisha kuwa na MB 8 tu, na mafaili hayaonekani. Intel ilitoa sasisho la programu ya ndani ya diski mwezi Agosti mwaka huo ili jambo lisitokee tena. Kwa wanaotumia laptopu yenye betri iliyokufa, ile inayoishi kwenye waya wa ukutani, hili linawahusu hata kama hawajawahi kuiona Intel 320. Kila umeme unapokatika, diski inakatwa ikiwa katikati ya kuandika. Betri nzima ni kinga ya mafaili pia.

Mapema 2012 ilikuwa zamu ya Crucial m4. Baada ya kutumika saa 5,184, ambazo ni sawa na siku 216 za kuwaka mfululizo, diski ilianza kugoma, na ukiizima na kuiwasha inarudi kwa saa moja hivi halafu inagoma tena. Sasisho la Januari 2012 likamaliza tatizo, na data zilibaki. Fundi asiyejua angeweza kuitupa diski nzima.

Upande mbaya zaidi ni wa diski za seva za HPE. Novemba 2019 kampuni hiyo ilionya kwamba baadhi ya SSD zake, zisiposasishwa, zitakufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Diski na data, vyote havirudi. Ubaya ni kwamba seva huwekewa diski nyingi kwa siku moja, hivyo zingekufa karibu kwa pamoja, na ile akiba ya diski pacha isingesaidia kitu. Hizi si za laptopu, lakini zinaonyesha kwamba diski inaweza kuwa na saa yake ya kufa imeandikwa ndani, na mwenye nayo hajui.

Kujua kama yako imo

Anza wakati mashine bado inawaka. Tafuta namba ya utambulisho, ile ya herufi na tarakimu. Kwenye Mac iko kwenye menyu ya nembo ya tufaha, juu kushoto. Kwenye laptopu nyingine mara nyingi imebandikwa chini ya mashine au imo kwenye boksi. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya waranti. Ukurasa utakuambia waranti inaisha lini. Mipango maalumu ya kubadilisha vifaa huwa na ukurasa wake kwenye tovuti hiyo hiyo, nao unakagua kwa namba ile ile. Usiingize namba yako kwenye kiungo ulichotumiwa WhatsApp.

Kisha angalia afya ya diski. Windows 11 huionyesha kwa diski nyingi mpya ukiingia kwenye mipangilio ya hifadhi, ukafungua sifa za diski. Kuna pia programu ya bure ya CrystalDiskInfo inayotoa asilimia na idadi ya saa. Mac inaonyesha hali ya SMART kwenye programu yake ya diski. Lakini asilimia 98 siyo hati ya kinga. Kipimo hicho kinaeleza zaidi uchakavu wa chipu za kumbukumbu. Chipu msimamizi inaweza kufa huku afya ikisoma vizuri.

Kuna jambo moja linawachanganya wengi. Laptopu ya Dell, HP au Lenovo inaweza kuwa na SSD iliyoandikwa Samsung. Ikifa, usihangaike na Samsung. Diski iliyokuja ndani ya mashine kwa kawaida hudaiwa kwa aliyetengeneza laptopu. Ila kama uliinunua peke yake dukani, hapo mtengenezaji wa diski ndiye wako, na muda wake unaweza kuwa mrefu kuliko wa mashine. Samsung 970 EVO Plus ya TB 1, kwa mfano, ina waranti ya miaka 5 au TB 600 za kuandikwa, kinachotangulia. Risiti ya EFD itunze, na uipige picha maana wino wake hufutika.

Mashine za mtumba

Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi zilishatumika Ulaya, Marekani au Dubai. Habari njema ni kwamba mpango kama ule wa Apple hufuata namba ya mashine, haumfuati mnunuzi wa kwanza. Habari mbaya ni ile miaka 3. Saa ilianza kuhesabu siku mtu wa kwanza alipolipa, na laptopu inapofika kwenye meza ya muuzaji hapa mara nyingi imeshamaliza muda huo. MacBook Pro za 2017 bado zinauzwa, zenye diski zile zile za GB 128 na 256, na hakuna wa kuzibadilisha bure. Kwa hiyo namba ya mashine ikaguliwe kabla ya kutoa pesa, palepale dukani, kwa simu. Muuzaji anayekataa kuionyesha ameshajibu.

Uliza pia kama diski inatoka. MacBook Air ya 2012 diski yake ni kipande kinachochomolewa na kuwekwa kingine. Kuanzia MacBook Air ya 2018 chipu za hifadhi zimelehemewa kwenye ubao wenyewe, na data imefungwa kwa usimbaji. Huko fundi hawezi kuchomoa diski akaisomee kwenye mashine nyingine.

Ikianza kuonyesha dalili

Mashine inaganda sekunde kadhaa halafu inaendelea. Faili linakataa kuhifadhiwa. Windows inaanza kulalamika kila inapowaka. Baadhi ya SSD zikichoka hujifunga: unaweza kusoma lakini huwezi kuandika. Hiyo ni bahati, itumie.

Usianze kwa kuweka Windows upya, na usikimbilie programu za kurekebisha diski, kwa sababu zote huandika juu ya diski inayokufa. Nakili kwanza vile visivyopatikana tena popote, filamu na programu ziache. Kama hakuna diski ya nje, flashi inatosha, au simu yenyewe kwa waya wa USB. Mashine ikikataa kuwaka kabisa, fundi anaweza kuiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi na kujaribu kuisoma diski. Kama diski imefungwa kwa BitLocker atahitaji ufunguo wa tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila huo, hata diski nzima haifunguki.

Ukishaipeleka kwa kampuni, diski ya zamani kwa kawaida hairudi mikononi mwako, hata ikiwa ina siri zako. Dell, HP na Lenovo huuza huduma ya ziada inayomruhusu mteja kubaki na diski mbovu, lakini inanunuliwa mapema, sio siku ya kukabidhi. Kwa hiyo, kabla ya kusaini fomu ya matengenezo, muulize mhudumu maswali mawili na ajibu kwa maandishi: diski hii inaenda wapi, na kama bado inasomeka, nani ataifuta?