Pesa za simu, kadi na keshi: jinsi malipo yanavyofanyika Nchelenge na Mantapala

Makala hii ni kwa wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala na majirani zao wa Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya mwambao wa Ziwa Mweru. Inaeleza jinsi malipo yalivyobadilika nchini Zambia katika miaka ya karibuni, mabadiliko hayo yana maana gani kwako, na namna ya kulinda pesa zako.

Kwa ufupi:
- Zambia, pesa za simu zimeenea kuliko kadi ya benki.
- Kwenye mwambao wa ziwa, keshi bado inahitajika karibu kila siku.
- Pesa zilizo kwenye simu zinahesabiwa kuwa za mtu ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Kama laini si ya jina lako, pesa zako hazina ulinzi kamili.

Nini kimebadilika nchini Zambia

Miaka kumi na tano iliyopita, mtu wa Nchelenge aliyetaka kumtumia ndugu yake wa Kitwe au Lusaka pesa alikuwa na njia chache: kumkabidhi dereva wa basi, kwenda posta, au kusafiri hadi mji wenye benki. Mansa, makao makuu ya Mkoa wa Luapula, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nchelenge. Nauli na siku nzima ya safari vilikula sehemu ya pesa yenyewe.

Kenya ilikuwa imeonyesha njia nyingine mwaka 2007 ilipoanza M-Pesa. Zambia ilifuata miaka michache baadaye. Leo kampuni tatu za simu, yaani Airtel, MTN na Zamtel, zote zina huduma ya pesa za simu. Huhitaji simu ya gharama kubwa wala intaneti. Simu ndogo ya vitufe inatosha, kwa kubonyeza namba inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli.

Uchunguzi wa kitaifa wa FinScope unaonyesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Mwaka 2015, watu wazima waliotumia pesa za simu Zambia walikuwa kama 14 kwa kila 100. Mwaka 2020 walifika zaidi ya 58 kwa kila 100. Katika kipindi hichohicho, watu wazima wenye huduma ya kifedha ya aina yoyote waliongezeka kutoka asilimia 59.3 hadi 69.4. Ongezeko hilo lililetwa zaidi na simu kuliko matawi mapya ya benki.

Janga la korona mwaka 2020 liliharakisha mambo. Benki Kuu ya Zambia iliwahimiza watu wapunguze kushikana noti, na viwango vya juu vya pesa ambazo mtu anaweza kuweka na kutuma kwa simu vikapandishwa. Walioanza kutumia huduma hiyo wakati huo, wengi hawakuiacha.

Badiliko jingine halionekani kwa macho. Zamani, pesa za kampuni moja zilibaki ndani ya kampuni hiyo. Sasa upo mtambo wa kitaifa unaounganisha benki, mashine za ATM na kampuni za simu, unaoendeshwa na taasisi ya ulipanaji iitwayo ZECHL. Kwa sababu hiyo mtu wa Airtel anaweza kumtumia mtu wa MTN, na pesa zinaweza kutoka benki kwenda kwenye simu. Gharama ya kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine mara nyingi ni kubwa kuliko ya kubaki ndani ya mtandao uleule, kwa hiyo angalia kiasi cha makato kabla ya kuthibitisha.

Kwa nini kadi haikuenea mwambaoni

Kadi ya benki inahitaji vitu vinne: akaunti, tawi au ATM iliyo karibu, mashine ya kulipia dukani, na umeme na mtandao vya kuiendesha mashine hiyo. Lusaka na miji ya Copperbelt vyote vinapatikana. Kwenye soko la samaki, mahali ambapo muuzaji ana beseni la chisense na daftari, havipatikani kirahisi.

Kadi ipo, lakini ni ya kundi fulani: walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine ambao mishahara yao hupita benki. Hata kwao ina hatari yake. Wanapobanwa, baadhi hukopa kwa wakopeshaji wa mtaani, mkopo unaoitwa kaloba, na kuacha kadi yao pamoja na namba ya siri kama dhamana. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayeenda kwenye ATM. Usikubali dhamana ya namna hii, iwe ni kadi, laini ya simu au kitambulisho cha mkimbizi.

Keshi bado ipo, na noti zimebadilika

Mihogo, mkaa, nauli ya mtumbwi na karo ndogondogo bado hulipwa kwa noti. Ni vizuri basi kujua noti zenyewe. Tarehe 31 Machi 2025 Zambia ilianza kutoa noti na sarafu mpya. Kwa mara ya kwanza tangu sifuri tatu zilipoondolewa mwaka 2013, kuna noti za K200 na K500. K2 na K5 sasa ni sarafu. Noti za zamani ziliwekewa ukomo wa tarehe 31 Machi 2026. Kama mtu anataka kukulipa kwa noti za zamani, au anakupa noti kubwa usiyoizoea, muulize kwanza mtu unayemwamini.

Watu waliotoka Pweto, Moba au Kilwa ya Kongo wamezoea kushika faranga na dola. Upande wa Zambia bei huwekwa kwa kwacha. Unapobadilisha pesa, uliza bei kwa watu wawili au watatu, hesabu noti mbele ya aliyekupa, na usibadilishe kiasi kikubwa njiani au usiku.

Wakala na msimu wa samaki

Pesa za simu zinamtegemea mtu mmoja: wakala aliye kwenye kibanda. Wakala ana mitaji miwili. Mmoja ni keshi iliyo mkononi, wa pili ni salio lililo kwenye simu yake, ambalo wengi huliita floti. Ukitaka kutoa pesa, lazima awe na keshi. Ukitaka kuweka, lazima awe na floti. Kimoja kikiisha, atakuambia urudi kesho, hata kama simu yako inaonyesha una pesa.

Hapa mwambaoni tatizo hilo linafuata kalenda ya ziwa. Kila mwaka uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo biashara hupungua, na keshi inayozunguka hupungua nayo. Uvuvi ukifunguliwa, wafanyabiashara huja kununua samaki, na watu wengi hutaka keshi kwa wakati mmoja.

Hali kama hiyo hutokea siku za mgawo. Mantapala ilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018, msaada ulikuwa chakula chenyewe. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza pia kutoa fedha ili kila familia ichague cha kununua. Siku pesa zinapoingia kwa familia nyingi pamoja, foleni kwa wakala inakuwa ndefu na bei za sokoni hupanda. Kama unaweza, subiri siku mbili tatu kabla ya kutoa zote, au lipa dukani moja kwa moja kwa simu kama muuzaji anapokea.

Jihadhari na wakala anayedai nyongeza mkononi ili akupe keshi. Wakala halali hulipwa kamisheni na kampuni, na makato yako hukatwa ndani ya simu. Pesa ya ziada anayotaka mkononi haimo kwenye orodha ya bei. Una haki ya kuomba kuona orodha hiyo.

Laini ni ya nani?

Hili ndilo jambo kubwa zaidi kwa mkimbizi. Tangu mwaka 2011 sheria ya Zambia inataka kila laini ya simu isajiliwe kwa jina la mwenye nayo. Raia husajili kwa kitambulisho cha taifa, NRC. Mkimbizi anahitaji hati zake mwenyewe. Watu wengi, kwa kukosa hati au kwa kuogopa foleni, humwomba jirani, mchumba au mwenye duka awasajilie.

Mwanzoni hakuna tatizo. Tatizo huja simu inapopotea, namba ya siri inaposahaulika au urafiki unapoisha. Kampuni ya simu itamrudishia laini mtu ambaye jina lake limeandikwa. Tuseme mama ameweka K900 za mtaji wa kuuza mafuta ya mawese kwenye laini ya jirani yake, kisha jirani akahamia Kitwe. Mama anaijua namba ya siri, anaijua historia ya kila kwacha, lakini simu ikianguka ziwani hana cha kuonyesha dukani kwa kampuni. Aliyesajili naye yumo hatarini: laini ikitumika kwa wizi, polisi watamtafuta yeye.

Cha kufanya:
1. Kama huna kitambulisho cha mkimbizi au hati ya usajili, au muda wake umeisha, nenda ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi iliyo kwenye makazi. Sheria ya Wakimbizi Na. 1 ya mwaka 2017 inatambua haki yako ya kupewa kitambulisho.
2. Nenda na hati hiyo kwa wakala rasmi wa kampuni ya simu. Uliza kwanza ni hati gani wanazokubali.
3. Hakikisha jina linaandikwa sawasawa na lilivyo kwenye hati. Herufi moja ikikosewa itakusumbua siku ya kurudisha laini.
4. Hadi upate laini yako, usiweke akiba kubwa kwenye laini ya mtu mwingine. Kikundi cha chilimba au likelemba chenye daftari na mashahidi kinaweza kuwa salama zaidi.

Makato na tozo

Makato hupangwa kwa ngazi za kiasi. Kutuma K100 mara tano mara nyingi hugharimu zaidi ya kutuma K500 mara moja, kwa hiyo kusanya kwanza kama haina haraka.

Juu ya makato ya kampuni kuna tozo ya serikali kwa pesa zinazotumwa kutoka mtu hadi mtu. Ilianza tarehe 1 Januari 2024 kwa ngwee chache kwa kiasi kidogo, na mwaka 2025 ikapandishwa. Si Zambia peke yake: Uganda iliweka tozo kama hiyo mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2021, na zote mbili zililazimika kuipunguza baada ya wananchi kulalamika.

Kutuma Kongo

Laini ya Zambia na laini ya Kongo ni akaunti mbili tofauti, hata kama kwenye ufuo simu yako hukamata minara ya nchi zote mbili. Mwaka 2014 Airtel ilitangaza huduma ya kutuma pesa kati ya Zambia, Kongo na Rwanda. Kabla ya kuitegemea, uliza kama inapatikana kwenye laini yako, makato ni kiasi gani na mpokeaji atapata faranga au dola. Wapo pia watu wanaopokea kwacha huku na kumwelekeza mwenzao wa ng'ambo atoe faranga. Wakikudhulumu, huna risiti wala pa kushtaki.

Wezi wa simu

Wezi hutumia maneno yanayofanana. "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." "Umeshinda zawadi." "Jina lako limetoka kwenye orodha ya msaada, tuma K50 lirudishwe." Kumbuka:
- Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kumrudishia mtu chochote. Ujumbe unaweza kughushiwa.
- Hakuna mfanyakazi wa shirika, wa serikali au wa kampuni ya simu anayepaswa kuuliza namba yako ya siri.
- Msaada ni bure. Kuandikishwa ni bure.
- Kama huwezi kusoma ujumbe, msomeshe mtu wa nyumbani mwako, si mtu aliyesimama kwenye foleni.

Ukipata tatizo

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, piga simu ya huduma kwa wateja ya kampuni yako mara moja. Pesa zinaweza kuzuiwa kama mpokeaji hajazitoa, na kila saa inayopita inapunguza nafasi hiyo. Usifute ujumbe wa muamala. Namba yake ya kumbukumbu ndiyo ushahidi wako.

Kama kampuni haikusaidii, malalamiko kuhusu laini na usajili hupelekwa ZICTA, mamlaka ya mawasiliano, na yanayohusu pesa zenyewe hupelekwa Benki Kuu ya Zambia. Wizi uripotiwe polisi. Kama tatizo linahusu pesa za msaada, nenda kwenye dawati la malalamiko la makazi ukiwa na kadi yako ya mgawo na simu yenye ujumbe.

Kama bado unatumia laini ya mtu mwingine, anza na hatua ya kwanza wiki hii: chukua hati yako, itazame tarehe ya mwisho, na kama imepita, nenda ofisini kabla hujaweka kwacha nyingine kwenye simu hiyo.