Kitanda na Kunguni Wake

Pombe si chai, husema wakubwa, na tukishasema hivyo tunaona tumemaliza kazi. Mlevi anaambiwa aache, basi. Aende wapi jioni ile wenzake wanapoelekea kilabuni, akae na nani, hilo hatumwambii. Mjomba wangu aliambiwa "acha" na mkewe, na balozi wa nyumba kumi, na daktari, na sisi wapwa zake. Mlango wa kuingilia hakuonyeshwa na yeyote. Tulimzika akiwa na miaka 44. Tangu hapo, mimi niliyeishia kidato cha nne, nimekuwa nikisoma habari za watu walioutafuta huo mlango wakaupata, na naona sisi tunaotaka kuandika tuijue historia yao.

Twende Marekani, mji wa Akron, jimbo la Ohio, Mei 1935. Sheria iliyopiga marufuku pombe nchi nzima tangu 1920 ilikuwa imefutwa mwaka 1933. Baa ziko wazi. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, ana miezi mitano tu tangu aache kunywa. Biashara iliyomleta imevunjika. Jumamosi hiyo anazungukazunguka kwenye ukumbi wa Mayflower Hotel: upande huu baa na vicheko vyake, upande ule simu na orodha ya makanisa ya mji. Sasa we fikiria, mtu mgeni, hana fedha ya maana, kiu imemkamata. Akaenda kwenye simu. Mchungaji mmoja, Walter Tunks, akampa majina ya watu wa kuwapigia. Akapiga, akapiga tena, mpaka akafikishwa kwa mama aitwaye Henrietta Seiberling.

Angalia, ndugu msomaji, alichokuwa anatafuta. Si daktari wala mhubiri. Alitaka mlevi mwingine! Kule New York alishagundua kwamba akiongea na mlevi mwenzie, hata kama mwenzie haachi, yeye mwenyewe siku inapita bila kunywa.

Bi Seiberling alimfahamu mmoja: Dk. Robert Smith, daktari mpasuaji, miaka 55. Jumamosi hiyo Smith alikuwa chakari, hatoki. Kesho yake, tarehe 12, akaja na mkewe, akasema anatoa dakika 15 tu. Waliingia chumbani saa kumi na moja jioni, wakatoka saa tano usiku imeshapita. Nasaha Smith alishazisikia za kumtosha, na udaktari alikuwa nao mwenyewe. Huyu mgeni hakumpa nasaha, alimsimulia yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa wawili walilala kitanda kimoja. Smith aliteleza mara moja zaidi, kisha akaacha moja kwa moja. Siku inayotajwa kuwa ya glasi yake ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao.

Kumbe jambo lenyewe lilishajaribiwa. Mwaka 1840 wanywaji sita wa Baltimore walikula kiapo cha kuacha, wakaanzisha chama kilichoitwa kwa jina la George Washington, watu wakafurika. Lakini chama kikavutwa kwenye mabishano ya nje, likiwemo la kupiga pombe marufuku kwa sheria, na baada ya miaka michache kikasambaratika. Wenzao wa Akron na New York hawakutaka yawakute hayo. Katika kanuni 12 walizozipitisha mwaka 1950 walisema chama hakiingii kwenye ugomvi wa nje, hakipokei michango ya watu wa nje, na sharti la mwanachama ni moja tu: atake kuacha kunywa. Hakuna ada wala kiingilio.

Watu walivyokuja kukipata chama, hapo ndipo sisi waandishi tunapohusika. Mwaka 1939 walitoa kitabu. Sehemu kubwa yake ni simulizi za walevi wenyewe, kila mtu na yake, pamoja na sanduku la posta la New York. Machi 1941 mwandishi Jack Alexander akaandika habari zao katika Saturday Evening Post. Barua zikamiminika. Wanachama walikuwa kama 2,000. Mwaka ulipoisha walikaribia 8,000. Makala moja tu, jamani!

Sisemi hiyo ni dawa ya kila mtu. Tena aliyezoea kunywa kutwa kucha akikata ghafla anaweza kupatwa na degedege. Huyo hospitali kwanza. Lakini vikao vya namna hii Nairobi vipo, na Unguja ziko soba hauzi zinazofuata hatua zile zile 12 kwa vijana wanaoacha unga.

Basi wenzangu, kwenye hadithi na michezo yetu mlevi ni wa kupepesuka ili watu wacheke. Tumeandika hayo vya kutosha. Hebu tuulize, mtaani kwako kikao kiko wapi, siku gani, saa ngapi? Kama kipo, kiandike ubandike ukutani. Kama hakipo, historia inaonyesha kwamba walevi wawili na chumba vinatosha kuanzia.