Mwalimu Barbara na Kuhani wa Waazteki

Ni nani miongoni mwetu ambaye hajawahi kutamani kurudi nyuma siku moja tu, alifute neno alilolitamka kwa hasira au amzuie mtu fulani asitoke nyumbani? Hamu hiyo ni ya kale. Katika karne ya 20 televisheni iliipa chombo cha kusafiria. Juma hili tuitazame historia ya chombo hicho, kwa maana limo fundisho ndani yake.

Tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha tamthiliya ya Doctor Who. Mzee mmoja wa ajabu husafiri katika wakati ndani ya chombo kinachofanana na kibanda cha simu cha polisi. Hapo mwanzo alifuatana na walimu wawili, Ian wa sayansi na Barbara wa historia. Walimu hao hawakuwekwa bure. Sydney Newman, mkuu wa idara ya tamthiliya, alitaka watoto waburudike na papo hapo wajifunze. Ndiyo maana safari za mwaka wa kwanza ziliwafikisha kwa Marco Polo, na tena Ufaransa wakati wa mapinduzi.

Kuanzia tarehe 23 Mei 1964 vilionyeshwa vipindi vinne viitwavyo The Aztecs, vilivyoandikwa na John Lucarotti. Wasafiri wanafika Mexico kabla ya ujio wa Wahispania. Barbara, akiwa amevaa bangili aliyoikuta kaburini, anadhaniwa kuwa kuhani wa kale aliyerudi duniani. Yeye anajua kwamba Cortés atatia nanga mwaka 1519, na kwamba mji wa Tenochtitlan utaanguka mwaka 1521. Anawaza kuwa akikomesha kafara za binadamu, huenda watu hawa wakasalimika. Mzee anamkataza, naye hasikii. Anaamuru kafara isitolewe. Lakini mtu aliyekuwa achinjwe anajiona amevunjiwa heshima, anajirusha toka juu na kufa. Na mvua inanyesha, kana kwamba kifo ndicho kilichoileta.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Aprili 1967, televisheni ya Marekani iliuliza swali hilohilo kwa ukali zaidi, katika kipindi kimoja cha Star Trek. Nahodha Kirk anajikuta New York mwaka 1930, akimpenda Edith Keeler, mwanamke anayewalisha maskini. Kisha anatambua kwamba Edith akiishi, ataongoza harakati za amani zitakazoichelewesha Marekani kuingia vitani, na Ujerumani ya Hitler itashinda. Gari linapokuja, Kirk anamshika rafiki yake aliyetaka kumwokoa.

Tusidhani kwamba waandishi hawa walikuwa watu wa kukata tamaa. Turudi kwa Barbara. Kafara ziliendelea, na mji ukabaki vilevile. Hata hivyo Autloc, kuhani wa maarifa, aliyasikiliza maneno yake, akaacha cheo chake akaenda nyikani kutafuta ukweli. Mzee akamfariji Barbara kwamba hakuliokoa taifa, bali alimsaidia mtu mmoja.

Wapo kati yetu wanaobeba mzigo wa jana: mzazi aliyezikwa kabla ya kuombwa radhi, ndugu aliyefukuzwa kwa sababu ya shamba. Usiku wanairudia siku ile, wakiipanga upya. Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Msafiri wa wakati, pamoja na chombo chake chote, mwishowe aliweza lile tu tunaloliweza sisi tusio na chombo: kusema kweli kwa upole mbele ya mtu mmoja aliye hai. Mzazi hatutampata tena. Ndugu wa shamba bado yuko, na njia ya kwenda kwake tunaijua. Tumwendee juma hili.