Koti la Manyoya Lilivyofika Babati

Kila ikikaribia Juni, mabibi harusi wanaoolewa huku bara huniuliza swali lile lile: koti la manyoya naweza kulivaa juu ya baibui, au nitaonekana nimeiga Wazungu? Wengine wameshaambiwa na mashangazi zao kwamba hilo ni vazi la kikafiri. Jibu langu linaanzia mbali kidogo, tuvumiliane.

Kwanza baridi yenyewe. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Kwaraa, ziwa likiwa pembeni. Juni na Julai asubuhi ukienda sokoni vidole havishiki noti. Ukipanda Mbulu ndiyo usiseme. Kipupwe cha Unguja ni mzaha tu.

Watu wa huku hawakungoja Mzungu awafundishe kujifunika. Kabla nguo za dukani hazijaenea walivaa ngozi. Wanawake wa Kiiraqw walishonea sketi zao za ngozi shanga kwa ustadi ambao mimi mwenye cheti cha ushonaji nauvulia kofia, na kwa Wabarbaig vazi la ngozi la mwanamke aliyeolewa lipo mpaka leo. Kule Kilimanjaro wazee wa Kichaga walijifunika majoho ya ngozi za perere, na manyoya yake juu. Hilo ni koti la manyoya, tena kabla ya mtumba wowote. Na nyinyi wa visiwani msicheke: masultani wa Unguja walivaa joho la sufu kwenye joto lile, kwa heshima tu, na hadi leo bwana harusi hulivaa siku ya nikaha. Sisi tunaovaa kwa sababu ya baridi tuna udhuru zaidi.

Sasa tuje kwenye manyoya ya Ulaya, maana hapo ndipo habari inapouma. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Ulaya na Marekani walipenda sana manyoya ya mbega, yule kima wetu mweusi mwenye shela jeupe mgongoni. Ngozi zake zilisafirishwa kutoka Afrika kwa maelfu, zikashonwa makoti na vifuko vya kutia mikono. Fasheni ikapita, misitu ikabaki na upungufu. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, akavaa koti la chui, na kila mwenye uwezo akataka lake. Chui wakawindwa mpaka dunia ikashtuka. Mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama walio hatarini ulifikiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975. Kwa hiyo anayesema koti la manyoya ni la Wazungu, mwambie manyoya mengine yalitoka kwetu.

Manyoya ya bandia yalikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini yalifanana na zulia kuliko mnyama. Mambo yalibadilika miaka ya 1950 ilipopatikana nyuzi ya akriliki, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli. Ikawa laini, nyepesi, na bei ambayo karani wa ofisi anaimudu. Mwenye nayo Ulaya akiichoka baada ya baridi mbili tatu, anaitoa, inafungwa kwenye robota.

Robota hilo halikuruhusiwa kuingia kwetu kirahisi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilitaka tuvae vya viwanda vyetu, kama Urafiki na Mwatex. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitambaa viliadimika, mama zetu wanazikumbuka foleni za khanga. Mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti, wenye fedha zao za kigeni wakaingiza bidhaa, na mitumba ikamiminika. Wengine waliiita kafa Ulaya, wakiamini mwenye nguo amekufa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya soko, na mpaka leo robota zinafunguliwa.

Kuhusu dini, mimi si shehe, muulizeni anayejua. Lakini Sura An-Nahl, aya ya 5 na ya 80, inataja joto la wanyama wa kufugwa, sufu zao na manyoya yao miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu. Na katika hadithi za Abu Daud na Tirmidhi imekatazwa ngozi ya wanyama wakali. Basi shaka ipo kwenye chui wa kweli. Akriliki haina mnyama. Ukitaka kuhakikisha, tenganisha manyoya kwa vidole uangalie shina: ukiona kitambaa kilichofumwa ni bandia, ukiona ngozi ni mnyama, na hapo uulize mnyama gani. Angalia hasa ukingo wa kofia, mara nyingi koti ni bandia lakini ukingo ni mbweha.

Kwa kuvaa kila siku, chagua rangi ya kahawia, kijivu au nyeusi, lifike chini ya nyonga, lisibane. Kola kubwa inagombana na mtandio, kwa hiyo ama mtandio mwembamba uingie ndani ya koti, ama koti lisilo na kola. Chini vaa baibui la kawaida. La mawe mawe liache kwa ajili ya walima, vikikutana viwili hivyo ndipo israfu inapoanzia. Ukitaka lipunguzwe, fundi akate kwa wembe upande wa nyuma wa kitambaa, asitumie mkasi, maana mkasi unakata na manyoya na mshono utaonekana kama kipara. Na pasi ya moto usiiguse kabisa. Akriliki inayeyuka, na koti la elfu thelathini linageuka ganda la nazi.