Hazina Iliyojificha katika Maktaba ya Zamani ya Mlimani

Makada wengi wanaotoka hapa Kwa Mathias kwenda Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hufika Mlimani walau mara moja. Huonyeshwa maktaba mpya, iliyofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, wakapiga picha. Maktaba ya zamani, ya miaka ya 1960, hupitwa tu. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Ieleweke kwanza kwamba Chuo hicho hakikuzaliwa Mlimani. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kilihamia Mlimani 1964. Mwingereza alitutawala takriban miaka 40 bila kujenga chuo kikuu hata kimoja katika Tanganyika. Chama cha wakulima na wafanyakazi ndicho kilichotoa paa.

Vitabu vilivyochapwa vilipatikana. Hazina yenyewe haikuchapwa. Ni miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliikusanya kutoka majumbani mwa watu wa pwani katika miaka ya 1960. Miswada ya namna hii ni sanaa kamili. Waandishi wa pwani walichonga kalamu za matete, wakaandika kwa wino mweusi, na mara nyingi wakatia wino mwekundu kutenga kipande na kipande. Hati za Kiarabu hazina p, ch, g wala v. Mwandishi aliweza kuandika p kwa herufi ya b, na msomaji akaitambua kwa maana. Baadaye wataalamu wa pwani waliongeza nukta ili kila sauti ipate alama yake. Huo ni ufundi wa watu wetu wenyewe.

Mabeberu walidai kwamba Mwafrika hakujua kuandika. Lakini Wajerumani wenyewe walipofika walilazimika kuandikiana na maliwali na majumbe kwa hati hizo hizo! Shule zao zilieneza herufi za Kirumi, na mzee aliyeweza kuandika barua, hesabu na utenzi akaonekana ghafla kuwa mjinga.

Hata hivyo tusiipambe. Wengi walioandika walikuwa masharifu, makadhi na matajiri wa jamii iliyomiliki watumwa. Mtumwa aliyelima shamba la mwandishi hasikiki sana humo. Kada anapaswa kusoma akiuliza ni tabaka gani linalosema. Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa Tanga ni mfano mzuri. Alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita ambavyo Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Ni ushahidi wa upinzani uliotungwa na mtu wa wakati ule ule, si na afisa wa Kijerumani, ingawa jicho lake ni la mji na msikiti. Allen huyo huyo ndiye aliyeutafsiri kwa Kiingereza.

Maktaba hiyo ilipokea pia karatasi za Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeandika sheria na mila za Wasukuma na Wahaya. Zilikusanywa ili watawala wajue namna ya kututawala kupitia machifu. Leo zinamfaa mwanahistoria kwa kazi ambayo mkusanyaji hakuikusudia.

Orodha ya miswada ya Allen ilichapwa 1970, mwaka ule ule Chuo kilipokuwa chuo kikuu cha Taifa. Ilichapwa Leiden, Uholanzi, kwa Kiingereza. Mjukuu wa aliyetoa mswada Tanga au Kilwa angehitaji lugha ya mkoloni ili ajue kilichotoka nyumbani kwao, na hata akiupata mswada wenyewe, huenda asiweze kuusoma.

Kwa hiyo tunapendekeza vyuo vya Chama viweke saa mbili kwa juma za kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Walimu wapo katika madrasa za Bagamoyo na Pangani, na kwa wanaoanza utenzi wa Hemedi unatosha, kwa kuwa nakala yake ya herufi za Kirumi imekwisha kuchapwa na mwanafunzi anaweza kuziweka mbili pamoja mezani.