Mbuni, buni, kahawa

Anayesema "shamba la kahawa" anaeleweka, ila Kiswahili kimempa maneno matatu naye anatumia moja. Mti ni mbuni, ikiwa mingi ni mibuni. Punje yake ni buni. Kinachomiminwa kikombeni ndicho kahawa. Buni na kahawa yote ni ya Kiarabu. Kenya, wafanyabiashara wameusogeza mpaka: kwao mbuni ni tunda lililoanikwa juani likakauka na ganda lake. (Yule ndege hahusiki, wakiwa wengi hubaki mbuni.)

Yangambi, mkoani Tshopo, neno la mti lina kazi kubwa. Hapo, kando ya mto Kongo, kilomita 100 hivi kuteremka kutoka Kisangani, Wabelgiji waliweka kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa 1933. Leo ni INERA. Mbuni wa robusta, mwenyeji wa misitu ya huko, ulichunguzwa kwa miaka mingi. Maua yake meupe hujibana kwenye makwapa ya majani, yakinukia kama asmini. Haujichavushi: chavua sharti itoke kwenye mti wa pili, ndiyo maana miche ya mbegu haifanani na mama yake. Mibuni ya arabika hujichavusha.

Kisangani, Kiswahili kinapokutana na Lingala, utasikia pia "kawa". Sawa, kwa kinywaji. Lakini wahariri wa vitabu vya kilimo, tafadhalini: mkulima hapandi kahawa, hupanda mibuni.