Utando wa Meno na Fizi za Mtoto

Mtoto wa miaka saba akipiga mswaki na kutema povu lenye damu, wazazi wengi humwachisha mswaki kwa siku mbili tatu ili fizi zipumzike. Huruma hiyo ndiyo inayozidisha ugonjwa. Kujua kwa nini, sharti kwanza tuelewane juu ya istilahi moja: utando wa meno.

Utando ni tabaka laini la bakteria lililoshikamana na jino. Jino likishasafishwa, mate hulipaka protini nyembamba papo hapo, na ndani ya saa chache bakteria huanza kunata juu yake, wakazaana na kujitengenezea ute unaowafunga pamoja. Ule utelezi unaoukuta ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi ni wa jamii hiyohiyo. Ukisuuza ndoo kwa maji matupu, utelezi haubanduki mpaka usugue.

Hapo ndipo majina mengine yanapopungukiwa. Ukisema “uchafu wa meno”, mzazi huwaza mabaki ya ugali na maharage, na mabaki hayo ni kweli huondoka kwa kusukutua. Basi mtoto anasukutua, anatema, anakwenda zake shuleni, na utando umebaki palepale. “Plaki” haimwelezi kitu mtu asiyesomea udaktari. “Ukoga” ni neno letu la siku nyingi nami nalipenda, lakini wengi wakilisikia huiona ile rangi ya manjano, ilhali utando mchanga hauonekani kwa urahisi. Ndiyo maana nauchagua utando. Umetokana na kutanda, na hivyo ndivyo unavyofanya: unalitanda jino lote, hasa kwenye ukingo linapokutana na ufizi, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki vizuri.

Ushahidi kwamba utando huo ndio unaovimbisha fizi ulipatikana Denmark. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa Aarhus walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 12 wenye fizi nzima, walioacha kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 hadi 21, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Damu kwenye mswaki wa mtoto, basi, mara nyingi inaonyesha mahali ambapo utando umeachwa, na ni hapo hasa panapotaka kusuguliwa, taratibu, kwa mswaki laini.

Hali hiyo madaktari huiita jinjivitisi. Wapo wanaoandika “uvimbe wa fizi”, nami sikubaliani nao, kwa kuwa uvimbe humtia mzazi hofu ya saratani. “Kuvimba fizi” kunatosha, tena kunabeba maana ya jambo linaloweza kuja na kuondoka. Hatua inayofuata, ambapo mfupa unaoshikilia jino huliwa, ni adimu kwa watoto wadogo, lakini mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Usichanganye utando na ugaga. Utando usipoondolewa, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo kwenye mate huugandisha siku baada ya siku mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga. Mswaki hauuwezi, na kuukwangua nyumbani kwa pini au wembe ni kuujeruhi ufizi. Utando ni kazi ya mzazi. Ugaga ni kazi ya mganga wa meno na vifaa vyake.

Kazi hiyo ya mzazi huanza jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi sita. Chini ya miaka mitatu, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya mchele inatosha. Baada ya hapo, kiasi cha punje ya njegere. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala isikose. Mtoto apewe mswaki ajifunze, lakini mpaka afike miaka saba au minane mtu mzima amalizie, akielekeza nywele za mswaki kwenye ukingo wa fizi. Gego linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka sita lichungwe zaidi: halisukumi jino lolote la utotoni, hivyo wazazi hawatambui kwamba ni la kudumu. Mswaki wa mti nao unasafisha, mradi ncha itafunwe ilainike na ifikishwe mpaka meno ya nyuma.

Majina yana nguvu juu ya mkono wa mzazi, na Tanzania tuna mfano unaoumiza. Fizi za mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa zikionekana zimetuna mahali pa chonge, wapo wanaosema ana “meno ya plastiki”, wakampeleka kwa mtu wa kuyachokoa. Kinachotolewa pale ni chipukizi la chonge la utotoni, na mara nyingine jino la kudumu lililo chini yake huharibiwa pia. Mtoto hubaki na kidonda kinywani, na kuharisha kwake hakujatibiwa.